Kijani kilichodhaniwa kutu: kisa cha sarafu sita za Area C, Dodoma

Sarafu zilikutwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, katika nyumba moja ya Area C. Mwenye nyumba, mtumishi wa serikali aliyewahi kusafiri Ulaya kikazi mara kadhaa, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mjane na mtoto wake mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, walihitaji kujua thamani yake tu, ziingie kwenye orodha ya mali na zigawiwe bila maneno.

Kopo lilikuwa na vipande sita. Vitano vilifanana umbo: pete nyeupe ya fedha kwa nje na duara la rangi katikati. Kimoja buluu, kimoja kijani, vingine vya rangi nyingine. Cha sita kilikuwa kikubwa zaidi, kipande kimoja bila pete, chenye picha ya twiga na mlima wenye theluji kwa rangi nne au tano.

Kabla ya kumuuliza mtu, kijana alichukua ile ya kijani na kuisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, ile ya kwenye kopo ambayo askari huitumia kwenye vifungo. Sababu yake inaeleweka: kila aliyekulia hapa anajua kwamba shaba ikikaa sana huota kutu ya kijani. Alidhani anaondoa uchafu. Kitambaa kilichafuka kidogo tu, lakini katikati ya sarafu pakatokea mabaka: kijivu, njano, waridi. Kadiri alivyosugua ndivyo kijani kilivyokimbilia ukingoni. Akaacha, yeye na mama yake wakaipeleka pamoja na nyingine kwa sonara mjini.

Sonara aliitazama na kumwambia mama, "Mama, hii ya pembeni ni fedha kweli. Huku katikati ni bati tu, wamepaka rangi." Akatoa bei ya Sh 12,000 kwa kila moja, kwa sharti kwamba atakata pete na kuacha kile cha katikati. Mama akasita, akazirudisha nyumbani. Kusita huko ndiko kulikookoa zilizobaki.

Kilichokuwa katikati

Si bati, wala hapakuwa na rangi iliyopakwa. Vipande vitano ni sarafu za kumbukumbu za Austria za euro 25, zenye pete ya fedha ya 900 (sehemu 900 kati ya 1,000 ni fedha halisi) na kiini cha niobi ya 998. Mfululizo huu ulianza mwaka 2003 kwa sarafu ya miaka 700 ya mji wa Hall huko Tirol, ambayo kiini chake ni buluu, zilitengenezwa 50,000. Mwaka 2004 ikafuata ile ya kijani, ya miaka 150 ya reli ya Semmering, nayo 50,000. Kuanzia 2005, kwa sarafu ya miaka 50 ya televisheni, idadi ilipandishwa hadi 65,000. Kopo la Area C lilikuwa na hizo tatu, pamoja na ya mwaka wa astronomia wa 2009 na ya ujenzi wa mahandaki ya 2013. Zote zina kipenyo cha milimita 34.

Niobi ni metali ya kijivu, namba 41 kwenye jedwali la elementi, na huyeyuka kwenye nyuzi 2,477 za Selsiasi. Hata Tanzania ina mwamba wake wa niobi, Panda Hill karibu na Mbeya. Kinachoifanya itumike kwenye sarafu si bei yake. Inatumika kwa sababu huweza kuoteshwa rangi bila tone la wino.

Rangi hiyo hutokea hivi. Niobi huzamishwa kwenye maji yenye chumvichumvi au asidi hafifu na kuunganishwa upande wa chanya wa umeme wa mkondo mnyoofu. Juu yake huota utando wa oksidi, unaopitisha mwanga kama kioo, na unene wake hufuata volti: takribani nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 2 hadi 3 kwa kila volti. Utando ukifikia unene ule, umeme hauwezi tena kuupenya na kazi husimama yenyewe. Mafundi huita kazi hii kuanodisha. Mwanga ukipiga, sehemu moja hurudi kutoka juu ya utando na nyingine hurudi kutoka kwenye metali chini yake. Miali hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi huuana na nyingine hukolezana. Jicho huona buluu, njano au kijani, lakini ukikwangua utando ukautia kwenye kikombe hupati rangi yoyote. Ni kama mafuta ya dizeli yaliyomwagika kwenye dimbwi gereji: ile upinde wa mvua haimo ndani ya mafuta, imo kwenye wembamba wake.

Buluu iliyokoza hupatikana kwenye volti za chini, kati ya 20 na 30 hivi. Kijani kiko mbali juu, jirani na volti 80 hadi 100, kwa hiyo utando wake ni mnene zaidi: nanomita mia mbili na kitu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene zaidi ya mara 200 ya huo. Dawa ya kung'arishia shaba ina unga laini wa kusugulia. Kwenye kifungo cha shaba unga huo huondoa kutu na kuacha shaba. Kwenye niobi uliondoa sarafu yenyewe, maana kijani ndicho kilichokuwa sarafu.

Kusoma mabaka

Ukiiweka sarafu hiyo karibu na dirisha na kuitazama kwa lenzi ya mara kumi, uharibifu unasomeka kama ramani ya miinuko. Sehemu zilizochomoza zaidi kwenye mchoro wa treni ni kijivu kitupu. Kuzizunguka kuna ukanda mwembamba sana wa kahawia na buluu, kisha njano ya dhahabu, kisha waridi, kisha zambarau, na kwenye bonde karibu na pete, mahali ambapo kidole chenye kitambaa hakikufika vizuri, kijani kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Mpangilio huo si wa bahati. Utando wa kijani ukipungua unene hupita rangi hizo hizo kwa kurudi nyuma: zambarau, waridi, njano, buluu hafifu, buluu nzito, kahawia, halafu metali tupu.

Hii ndiyo alama ya kutofautisha sarafu iliyosuguliwa na iliyochafuka. Iliyosuguliwa huanza kubadilika kwenye vilele, na ina mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja. Iliyochafuka haijali kilele wala bonde.

Sarafu ya 2009 ilithibitisha hilo. Nayo ilikuwa na doa lililofifia, na familia ilihesabu kwamba imekufa kama ile ya kijani. Lenzi ilionyesha mistari ya alama ya kidole, isiyofuata mchoro kabisa. Mafuta ya ngozi yakikaa juu ya utando hubadilisha jinsi mwanga unavyorudi, na rangi hufifia au kugeuka. Iliwekwa kwenye kisosi cha kioo chenye asetoni safi kwa dakika mbili, bila kusuguliwa, ikageuzwa, ikaoshwa kwa asetoni mpya, ikaachwa ikauke yenyewe juu ya karatasi laini. Rangi ikarudi yote. Asetoni haiugusi utando wa niobi wala fedha. Iwe asetoni tupu ya duka la kemikali. Ile ya kuondolea rangi ya kucha huwa na mafuta na manukato yanayoacha utando mwingine. Na isitumike kabisa kwenye sarafu ambayo huna hakika kwamba rangi yake haikuchapwa.

Je, kijani kilichofutika kinaweza kurudi chenyewe? Hapana. Niobi tupu ikikaa hewani huota oksidi ya nanomita chache tu, nyembamba mno kuonyesha rangi.

Je, kinaweza kuoteshwa upya? Hapa mafundi wa umeme hushawishika, kwa sababu kwenye karatasi inawezekana: volti ile ile huleta unene ule ule, na sehemu nyembamba huwafikia wenzake. Lakini ukizamisha sarafu nzima, pete ya fedha inakula karibu mkondo wote, inaweusika na kuliwa, na niobi haifiki kwenye volti inayotakiwa. Ukiikinga pete kwa laka na kufanikiwa, unapata duara la kijani lenye mchoro uliolainika, mikwaruzo chini ya rangi mpya, na mkusanyaji mwenye lenzi ataiona. Hiyo haitakuwa tena kazi ya kiwanda cha sarafu, na kuiuza bila kusema ni udanganyifu. Juu ya hayo, volti 80 za mkondo mnyoofu kwenye beseni la maji ya chumvi zinaweza kuua. Ushauri uliotolewa kwa familia ulikuwa mfupi: isiguswe.

Mizani, maji na sumaku

Uhakiki ulihitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, uzi mwembamba, glasi ya maji na sumaku. Mizani ilijaribiwa kwanza kwa sarafu mpya ya shilingi 500, ambayo ni gramu 9.5. Sarafu hiyo hiyo ilijaribu sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa nikeli na lazima inase. Za niobi hazikunasa hata moja. Wala cha sita hakikunasa.

Maji yalikuwa sehemu ya kuangalia sana. Maji ya bomba ya Dodoma hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni magumu: yakikauka juu ya fedha huacha vidoti vyeupe vya chokaa. Yanatakiwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri. Lakini ukienda duka la vipuri ukasema "maji ya betri" tu, unaweza kupewa asidi. Soma kibandiko, na ukiwa na shaka nunua duka la dawa.

Glasi yenye maji huwekwa juu ya mizani, mizani inarudishwa sifuri, kisha sarafu inaning'inizwa kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Sarafu ya 2013 ilikuwa na gramu 16.51 hewani na 1.74 kwenye maji. Gawanya: 9.49.

Namba hiyo inalingana na hesabu. Pete ni gramu 10 za fedha ya 900, yaani fedha halisi gramu 9, yenye uzito wa gramu 10.3 hivi kwa sentimita ya ujazo. Kiini ni gramu 6.5 za niobi, 8.57 kwa sentimita. Jumla ya ujazo ni 1.73, na wastani 9.54. Tofauti ndogo kama ile ya hapa hutokana na povu la hewa kwenye uzi au kwenye mshono wa pete na kiini. Kama pete ingekuwa shaba nyeupe iliyopakwa fedha, sarafu ya vipimo hivyo hivyo ingekuwa na gramu kama 15.1 na wastani wa 8.8. Kwa hiyo mizani inaihukumu pete, si kiini.

Hilo la mwisho linahitaji mkazo, kwa sababu kipande cha sita kingemdanganya mtu. Kilikuwa na milimita 40, gramu 26.35, na majini 3.08. Gawanya unapata 8.56. Mwenye jedwali la uzito wa metali angesema papo hapo: niobi tupu! Kumbe shaba ya njano nayo iko hapo hapo, kati ya 8.4 na 8.7. Kilichoamua ni macho. Ukikizungusha chini ya taa, rangi za twiga hazibadiliki hata kidogo, wakati buluu ya Hall hugeukia zambarau ukiilaza. Kwa lenzi, kingo za rangi zilionekana zimekaa juu ya metali kama rangi ya mlango, na kwenye ubavu palipogongwa, chini ya weupe, paling'aa njano. Tena hakikuwa na thamani ya pesa iliyoandikwa wala nchi iliyokitoa. Hiyo ni medali ya ukumbusho, shaba iliyochovywa na kuchapwa rangi. Haina kosa lolote ikiitwa jina lake.

Anayetaka kufika mbali zaidi anaweza kuomba kipimo cha XRF (miale ya eksirei inayotambua metali) kwenye maabara ya madini. Dodoma ndiko makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Kipimo hicho hakikwaruzi. Utando wa oksidi ni mwembamba kiasi kwamba mashine inaona niobi iliyo chini bila shida. Ila pete iliyopakwa fedha nene inaweza kusomeka kama fedha, kwa hiyo XRF isiachwe itembee bila mizani.

Bei ya sonara

Sonara hakudanganya kuhusu fedha. Alinunua alichokijua: pete, kwa gramu, baada ya kutoa hasara ya kuyeyusha. Angepeleka sarafu nzima kwenye moto wake, fedha ingetiririka kabla ya nyuzi 962 na niobi ingebaki imekaa pale pale; tena ikishika wekundu hewani huungua na kubanduka unga mweupe. Angeitupa akiamini ni bati baya.

Sarafu hii ina thamani tatu zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni fedha: zidisha 9 kwa bei ya gramu ya fedha halisi siku hiyo. Ya pili ni euro 25 zilizoandikwa, ambazo ni halali Austria peke yake, si Ujerumani wala Ufaransa, na duka la kubadilishia fedha la Dodoma halitazipokea. Ya tatu ni ya mkusanyaji, na hiyo imejengwa juu ya rangi isiyoguswa, kasha na cheti cha namba. Kwenye kopo palikuwa na vyeti viwili, vya 2005 na 2013, makasha hayakupatikana. Ile ya kijani imepoteza thamani ya tatu karibu yote. Fedha yake na euro 25 zake ziko palepale.

Msimamizi alikuwa ameandika kwenye orodha "sarafu za fedha, 6". Mstari huo ungeleta ugomvi baadaye, maana vipande havilingani hata kidogo. Uliandikwa upya kipande kwa kipande, mfano huu: "Sarafu ya kumbukumbu, Austria, euro 25, mwaka 2004, reli ya Semmering, pete ya fedha 900, kiini cha niobi, rangi ya kijani imesuguliwa katikati, haina kasha wala cheti." Picha mbili kwa kila upande, moja mwanga ukitoka juu, nyingine ukitoka ubavuni, juu ya karatasi nyeupe, bila taa ya simu. Picha moja haitoshi kwa metali inayobadilika rangi kwa pembe.

Familia iliamua kuuza mbili zenye vyeti na kubaki na nyingine. Wanunuzi wengi wako Ulaya, na kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu ndani ya barua isiyokatiwa bima. Zilitakiwa ziende kwa huduma yenye bima na namba ya ufuatiliaji, zikitajwa kwenye fomu ya forodha kwa jina lake.

Kopo libadilishwe

Sarafu ya 2005 ilikuwa na mstari mweusi ulionyooka kwenye pete tu, ukiishia kwenye kiini. Hapo ndipo ulipopita mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, salfa huweusisha fedha, niobi haijali. Mstari huo uliachwa kama ulivyo. Ndimu na chumvi, majivu, dawa ya meno, hata dawa ya kuchovya fedha, vyote vina balaa moja hapa: huwezi kuisafisha pete bila kimiminika kuingia kwenye mshono na kutoka tena baada ya wiki kikiwa doa.

Dodoma ina jambo jema kwa sarafu, ukavu. Kuanzia Mei hadi Oktoba fedha haina unyevu wa kuisumbua kama ya Tanga au Dar es Salaam. Ubaya ni vumbi. Vumbi letu ni mawe ya itale yaliyosagika, na chembe zake ni ngumu kuliko fedha mara nyingi; kuifuta sarafu kwa shati jioni ya Agosti ni kuipiga msasa. Vumbi lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, lisifutwe.

Sarafu tano ziliwekwa kila moja kwenye kapsuli ngumu ya akriliki ya milimita 34, zikashikwa kwa ubavu na mikono iliyovaa glavu za pamba. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya mpira mpya ilikataliwa, kwa kuwa hutoa mafuta ya kijani yanayokula pete. Na safari hii kijani hicho kingekuwa uchafu kweli. Kapsuli ziliingia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti moja ya chembe za kunyonya unyevu, ya kubadilishwa mvua zikianza Desemba. Ile ya Semmering imo humo humo, na juu ya kapsuli yake pamebandikwa karatasi: "Imesuguliwa. Isiuzwe kama nzima."